Nyumba Juu ya Shamba la Kuazima

Mume wangu alifariki tarehe 3 Mei, saa tano na robo asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba tuliyokaa kwa miaka kumi na tisa huko Kadutu, mjini Bukavu. Tarehe 9 Novemba ya mwaka ule ule, ndugu zake wanne walikaa sebuleni, wakanieleza kwa upole kwamba kiwanja kilikuwa cha baba yao, kwamba hawanifukuzi, na kwamba mimi na binti yangu tungeweza kuendelea kukaa katika kile chumba cha nyuma. Wifi yangu, aliyekuwa akigawa chai, alisema, "Mumuache akae tu. Ataenda wapi na ule umri?" Alisema hivyo kama mtu anayenitetea.

Nilitoka kabla ya juma kwisha. Nilipanga chumba kimoja Bagira, nikajiapia kwamba mimi na binti yangu hatutalala tena mahali ambapo mtu mwingine anaweza kusema tuachwe tukae. Nilitaka nyumba. Nilitaka iwe na milango miwili: mmoja wetu, mwingine wa mpangaji ambaye kodi yake ingelipa masomo ya binti yangu, aliyekuwa mwaka wa kwanza wa uuguzi. Sikutaka zaidi ya hapo. Nilikuwa na fungu ambalo shemeji zangu walikubali kunigawia, pamoja na malipo ya mwisho ya kazi ya marehemu, na nilijua kwamba fedha ile isingepatikana mara ya pili.

Lazima niseme pia kwamba nilichelewa kusoma. Nilishika kalamu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na mmoja, katika darasa la akina mama la parokia, na nilipata diploma ya serikali nikiwa na miaka arobaini na mitatu, nimekaa benchi moja na vijana walioniita maman hata katikati ya mtihani. Tangu hapo nimewafundisha akina mama wengine kusoma. Mtu aliyejifunza herufi utotoni husahau kwamba aliwahi kutozijua, mimi sikusahau. Karatasi yenye tarehe, saini na majina ya mashahidi ilikuwa kwangu na uzito ambao sikuupa mdomo wa mtu yeyote.

Shamba nililipata tarehe 18 Juni ya mwaka uliofuata, upande wa Mumosho, kwenye mteremko ambapo unausikia mto Ruzizi huko chini lakini huuoni. Muuzaji alikuwa mkulima wa makamo, mpole, mwenye vidole vilivyopasuka. Maharage yalikuwa yamekwisha kung'olewa na udongo ulikuwa mtupu kuanzia juu mpaka chini. Hapakuwa na mgomba hata mmoja. Nilifurahi. Katika kununua ardhi kwetu migomba huhesabiwa na kulipwa mmoja mmoja, kisha unalipa tena watu wa kuing'oa. Nilijiambia kwamba nilikuwa nimeandaliwa kiwanja kilichokwisha kusafishwa. Bei nayo ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa, na hilo pia nililipokea kama neema.

"Papa, kwa nini unauza?" nilimuuliza.

"Nimechoka na jembe, maman. Bandugu yangu biko Luhwindja, banachimba zahabu. Miye pia niende nione."

"Na shamba ni lako kweli?"

"Tunalilima tangu baba yangu. Uliza kila mutu hapa."

Niliuliza. Kila mtu alisema ndiyo, baba yake alililima, naye analilima. Hakuna aliyesema uongo.

Karatasi ya mauzo niliiandika mwenyewe. Niliisoma kwa sauti mara tatu, nikapima mipaka kwa hatua na kisha kwa kamba, nikasahihisha upana wa upande wa chini uliokuwa umepungua kwa mita moja na nusu. Mashahidi wanne walitia vidole gumba. Muuzaji alitaka kutia saini, akawa anashika kalamu kwa shida. Nilimwongoza mkono, kama ninavyowaongoza wanafunzi wangu. Siku ile nilijiona mtu mwangalifu kuliko wote waliokuwa pale mlimani.

Kujenga kulichukua miezi mitano na nusu. Mawe ya msingi yalipandishwa na wanawake wanaobeba mizigo kwa kamba ya paji la uso, na mmoja wao, kila akitua jiwe, aliniambia, "Maman, nyumba yako inakula watu." Nilikuwa nawapelekea uji saa nne. Fundi aliniibia misumari na kunipa heshima. Nilipomwambia anirudishie misumari, alipunguza heshima. Bati la mwisho lilipigiliwa tarehe 2 Desemba, mvua ikianza upande wa pili wa kilima.

Mpangaji aliingia tarehe 15 Desemba: mwalimu wa shule ya sekondari, mke wake na watoto watatu. Kwa desturi ya mji wetu alinipa garanti ya miezi sita, yaani ile fedha ambayo mwenye nyumba huishika na kuirudisha siku mpangaji anapotoka. Watu wenye busara huiweka pembeni. Mimi niliinunulia milango miwili na madirisha, kwa sababu upande wetu binti yangu alikuwa akilala nyuma ya turubai.

Niligundua upesi kwamba kumiliki nyumba ni kazi ambayo sikuwahi kufundishwa. Nilidhani mpangaji ni mtu anayeishi nyuma ya ukuta na kulipa tarehe moja. Wiki ya pili walifika shemeji zake wawili na mbuzi. Choo kilijaa kabla ya wakati. Maji ya mvua yalichimba njia chini ya kizingiti, ikabidi nijenge ukuta wa mawe ambao sikuwa nimeufikiria. Mke wa mwalimu, mwanamke mcheshi mwenye ulimi mkali, alikuwa akiniita mbele ya majirani wote:

"Maman bailleur! Paa yako inalia huku! Kuja uibembeleze!"

Bailleur ndilo jina ambalo wapangaji wa Bukavu humwita mwenye nyumba, na nakiri kwamba lilinipendeza. Nilipanda ngazi mwenyewe na kopo la lami kuziba tundu, naye akaishika ngazi, akisema, "Polepole, maman. Ukianguka, tutakuwa tunalipa nani?" Nilicheka mpaka lami ikanidondokea mkononi. Binti yangu alikuwa amelipiwa muhula mzima. Miezi ile mitatu nilitembea mlimani kama mtu ambaye hakuna anayemdai neno.

Tarehe 14 Machi, mnamo saa tatu asubuhi, bibi kizee alipanda mteremko kwa fimbo, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Alisimama mbele ya nyumba, akaitazama kuanzia msingi mpaka bati. Alimwomba mke wa mwalimu maji, akanywa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, ndipo akauliza:

"Nani alijenga hapa?"

"Ni ule maman, koko," mke wa mwalimu alisema, akimwita nyanya kwa heshima. "Ndio bailleur yetu."

"Amejenga juu ya shamba yangu."

Nilileta karatasi. Nilimpa kiti, akakikataa, akaketi juu ya matofali yaliyobaki. Nilimsomea karatasi yote: mipaka, tarehe, majina. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kichwa kimeinama, kama watu wanavyosikiliza somo kanisani.

"Umesoma muzuri," alisema. "Sasa niambie, mwanangu. Siku ulinunua, uliona mugomba hapa?"

"Hapana, koko."

"Hata moja?"

"Hata mmoja."

"Na haukujiuliza?"

Niligeuka nikautazama mteremko.

"Weye ni Mushi?"

"Ndiyo."

"Mama yako alikuwa analima wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikaikunja karatasi.

Kwetu Bushi, nchi yetu sisi Bashi, kuna namna mbili za kushika shamba. Kuna kalinzi: unatoa ng'ombe, unapewa ardhi, na inakuwa yako na ya watoto wako. Kisha kuna bwasa: unaazimwa shamba kwa msimu mmoja, unatoa mtungi wa pombe ya ndizi, unalima maharage au mahindi, unavuna, na msimu mwingine unaomba upya. Mwenye bwasa haruhusiwi kupanda chochote kinachodumu, na mgomba ndio wa kwanza kukatazwa, kwa sababu aliyepanda mgomba amekwisha kusema kwamba atabaki. Mama yangu alilima kwa bwasa maisha yake yote. Nilipokuwa na miaka saba nilichomeka kichipukizi cha mgomba pembeni mwa shamba letu, nikicheza. Alikiona, akaking'oa kwa mikono, akakitupa mtoni, akanichapa, halafu akaketi chini akalia. Kama kuna mtu ambaye hakuwa na haki ya kutoelewa shamba lisilo na mgomba, ni mimi. Nilikuwa nimejifunza kusoma karatasi, nikaacha kusoma udongo, na hakuna aliyenilazimisha kuchagua kimoja.

Mume wa bibi yule ndiye aliyemwazima baba wa muuzaji, zamani sana, na mtungi ulikuwa umeletwa kila msimu. Septemba haukuletwa. Bibi alikuwa amelala kwa ugonjwa wa mguu, ng'ambo ya bonde. Alipopata nafuu alikuja kuona kwa macho yake.

Wanawe watatu walikuja tarehe 30 Machi. Mkubwa wao ndiye aliyesema, amesimama, kofia mkononi.

"Maman, sina ugomvi na weye. Lakini bwasa inaisha na mavuno. Maharage ya mwezi wa sita ikitoka, na weye utoke. Beba vile ulipanda: mabati, milango, matofali yako. Udongo utuachie."

"Nililipa, baba."

"Ulilipa mutu. Haukulipa shamba." Kisha akabisha hodi upande wa pili. "Mwalimu, usitoe tena kodi kwa mutu mpaka ijulikane."

Tarehe 1 Aprili mwalimu hakulipa. Nilimkuta mlangoni, ameshika kitabu ambacho hakukisoma.

"Maman, siko nakataa," alisema. "Nauliza tu. Mwenye nyumba ni nani?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Nyumba, ndiyo. Lakini chini ya nyumba?"

Mke wake alitoa kichwa dirishani. "Tugawe basi. Sebule tulipie koko, chumba tulipie maman. Na choo, kwa vile inajaa, tupatie muuzaji."

Safari ile hata yeye mwenyewe hakucheka. Mwalimu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba afadhali nimrudishie garanti yake, atafute pengine kabla hawajatupiwa vyombo nje mbele ya watoto. Alikuwa na haki. Garanti yake ilikuwa imesimama mbele yetu sote, imepakwa rangi ya kijani, ikifunguliwa na kufungwa. Nilimwambia anipe muda. Aliitikia kwa kichwa, akaufunga ule mlango taratibu, na utaratibu ule uliniumiza kuliko kama angeupiga.

Binti yangu alirudi tarehe 11 Aprili na vitabu vyake vyote ndani ya mfuko wa mchele. Alisema ameamua kupumzika mwaka mmoja. Hakuamua yeye. Aliviweka vitabu juu ya kabati, mbali na unyevu, akaenda kuchota maji, na tangu siku ile hakunitajia shule tena, kana kwamba ni jina la marehemu.

Mwanasheria niliyemwendea mjini aliisoma karatasi yangu, akausifu mwandiko. Kisha akasema kwamba mtu hawezi kuuza asichokuwa nacho, kwamba kesi ingenila miaka, na kwamba ningefanya vyema kumpata muuzaji. Nilikwenda Luhwindja tarehe 22 Aprili, sehemu kwa gari la mizigo na sehemu kwa pikipiki, kwenye barabara iliyokuwa tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilimkuta chini ya turubai karibu na machimbo, amekonda, akikoroga ugali kwa kijiti. Aliponiona alisimama, akanipa nafasi yake ya kukaa.

"Papa, uliniuzia shamba la watu."

Alinitazama kwa mshangao ambao nimejitahidi tangu siku ile kuuona kuwa wa uongo, nikashindwa.

"Nilikuuzia kulima yangu, maman. Nilisema tunalilima. Nilisema ni yangu?"

"Nilikuuliza kama ni lako!"

"Nikakuambia uliza batu. Uliuliza. Niliona unapima na kamba, unaandika, nikasema huyu maman anajua kila kitu kunipita. Hapakukuwa hata mugomba moja. Weye Mushi kama miye, nikuambie nini tena? Na ile bei, maman. Kwa ile bei mutu ananunua kalinzi?"

"Uliona nikileta mawe."

"Miye nilikuwa nimekwenda."

Fedha yangu ilikuwa imeingia katika shimo ambalo alishirikiana na wenzake, na shimo lilikuwa limejaa maji. Alinionyesha. Yalikuwa maji ya kahawia, yametulia, na juu yake palielea kiatu kimoja cha plastiki. Alinigawia ugali wake, nikala, kwa sababu sikuwa nimekula tangu jana yake na kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Mei yote nilizungukwa na kuta ambazo sikujua ni za nani. Nikifagia, nilijiuliza namfagilia nani. Tarehe 26 nilimwita yule fundi, nikamuuliza tukibomoa ni matofali mangapi yatapona.

"Nusu, maman, tukiomba Mungu," alisema. "Tofali ikishashikana na simenti haikubali tena kuwa tofali tu." Aligonga ukuta kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Unataka kweli nibomoe? Hii nilijenga vizuri. Hata misumari nilirudisha."

Nilimwambia aende, nitamwita.

Niliwaza kurudi Kadutu. Naandika hilo kwa aibu, lakini niliwaza. Nilifika hadi kituo cha teksi, nikapanda, nikapanga maneno ya kuwaambia shemeji zangu, nikamwona moyoni wifi yangu akigawa chai. Niliteremka kabla gari halijaondoka. Mlango wa kuombea ulikuwa umebaki mmoja tu, wa yule bibi ng'ambo ya bonde, na kuomba hapo kulikuwa kurudi kwenye lile lile nililoapa nisirudie, kukaa kwa kuachwa nikae.

Tarehe 7 Juni nilinunua pombe ya ndizi, ile iitwayo kasigisi, mtungi mzima, nikafunga mdomo wake kwa jani, nikavuka bonde. Nilivaa kitenge kisichokuwa cha kanisani. Wana wa bibi walikuwa wameketi uani, wakitengeneza ua wa miti.

"Madame mwalimu amekuja na mtungi," mdogo wao alisema kwa sauti. "Leo hana karatasi?"

"Iko ndani ya mtungi," mwingine akajibu, wakacheka.

Mke wa mwana mkubwa, mwanamke kimya aliyekuwa akipepeta mtama, aliwatazama mara moja, wakainamia tena miti ya ua. Ndiye aliyenipeleka ndani.

Bibi alikuwa ameketi karibu na moto. Nilipiga magoti. Sikuwa nimepiga magoti mbele ya mtu tangu siku ya harusi yangu, na goti la kushoto liliuma. Niliusogeza mtungi kwa mikono miwili, nikasema maneno ambayo mama yangu alikuwa akiyasema kila msimu, mimi nimesimama nyuma yake na kuona nyayo zake. Sikujua kwamba bado ninayo. Yalitoka kwa Mashi, lugha yetu, yamekamilika, bila kukosa hata moja.

Bibi aliweka mkono juu ya jani la mtungi. Kisha akasema, "Kumbe mama yako alikufundisha."

"Alinifundisha, koko. Nilisahau."

"Unataka nini?"

"Naomba kalinzi. Nitatafuta ng'ombe, hata ikichukua miaka."

Alitikisa kichwa. "Zamani, ningekupa. Leo watoto wangu hawataki ng'ombe. Kiwanja wanahesabu kwa dola, na dola ya hii mulima weye hauna. Nikikupa kalinzi, watanipigia kelele mpaka nife." Alichota pombe kwa kibuyu, akanusa, akanywa, akanipa na mimi. "Nakupa bwasa. Mpaka kupanda kwa mwezi wa tisa. Ikiisha, utakuja kuomba, na miye nitaangalia."

"Na nyumba, koko?"

"Nyumba ni maharage yako. Siku utaambiwa kuvuna, utavuna."

Bibi alituma neno kwa mwalimu kwamba kodi anipe mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliye pale. Mwalimu alilipa Julai, akalipa na malimbikizo mawili kati ya yale matatu. Binti yangu aliandikishwa tena tarehe 13 Oktoba, akiwa nyuma ya wenzake kwa mwaka mzima, akicheka tena kidogo wakati wa kula. Septemba nilikuwa nimekwisha kwenda na mtungi wa pili, nikapewa msimu wa pili. Watu walioniona nikipita walidhani mambo yangu yamenyooka.

Hayakunyooka. Mwenye nyumba anayeomba nyumba yake mara mbili kwa mwaka hawezi kupanga neno lolote. Ufa ulipojitokeza ukutani sikuuziba kwa saruji, nikauziba kwa udongo, kwa sababu saruji ni ya mtu atakayebaki. Sikupanda hata mti wa kivuli. Januari mwalimu alinijia na ombi la haki kabisa: anataka mkataba wa mwaka mmoja, ulioandikwa, ama ahame. Nilimwambia siwezi kuandika mwaka.

"Maman, nifundishe watoto wa watu, yangu nihamishe katikati ya masomo?" alisema.

"Muandikie hata mpaka vakansi, masomo ikifungwa," mke wake alisema, bila mzaha. "Tutalala tukijua."

Nilijua kwamba akiondoka na kudai garanti yake, sitakuwa na pa kuitoa ila katika masomo ya binti yangu, na kwamba hayatarudi mara ya tatu. Nilimwomba asubiri mpaka nivuke bonde.

Nilivuka tarehe 4 Februari, saa mbili asubuhi. Mwana mkubwa alikuwa ameketi mlangoni.

"Maman, rudi na mtungi yako. Mama hawezi tena kunywa kitu."

"Niache nimsalimu."

"Salimu. Lakini usinidanganye. Akienda, siye hatuna bwasa na mutu. Tulishapata mununuzi wa mulima yote."

Bibi alikuwa amelala ubavu, uso umekuwa mdogo kama wa mtoto. Mkwewe, yule mwanamke kimya, alikuwa amemshika kichwa. Nilipiga magoti, nikayasema maneno. Sikujua kama ananisikia. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama, au yanatazama kitu kilichokuwa nyuma yangu. Mkwewe alichovya vidole katika pombe, akavipitisha juu ya midomo ya bibi. Midomo ilisogea. Ulimi ulitokeza kidogo, ukarudi.

"Hajakunywa," mwana alisema kutoka mlangoni.

"Amekunywa, baba. Umeona mwenyewe," nilisema, na sauti yangu haikuwa ya mtu anayefundisha.

"Kulamba haiko kunywa."

"Amekunywa," mkwewe alisema. Hakuinua kichwa. "Ni miye nilimupa, na ni miye namushika. Koo yake ilifanya kazi. Amekunywa."

Mwana alimtazama mke wake muda mrefu. Nilijua kwamba angelipia neno lile baada ya mimi kuondoka, naye alijua, na hakulirudisha. Mwishowe mwana alivaa kofia yake.

"Basi mpaka mavuno," alisema. "Na kama mama atakwenda mbele ya mavuno, usije kuniambia tena habari ya koo."

Nilimshukuru mkwewe kwa Mashi. Alikuwa akimfuta bibi kidevu.

Nilifika nyumbani saa sita kasoro robo. Mwalimu alikuwa shuleni. Mke wake alikuwa akianua nguo, kwa maana mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa ziwa. Nilileta meza nje, nikakaa, nikaandika mkataba kwa nakala mbili: milango, madirisha, choo, tarehe ya kulipa, na siku ya mwisho, tarehe 30 Juni. Mwalimu aliporudi aliusoma wote amesimama, kisha akaweka kidole juu ya ile tarehe.

"Na kiisha hapo, maman?"

Mke wake alikuwa amesimama nyuma yake na mitungi miwili ya maji, akinitazama, na binti yangu alikuwa mlangoni petu. Nilimwambia mwalimu kwamba nimeandika kile ninachokijua, nikampa kalamu. Alitia saini. Nilitia yangu chini ya yake, polepole, herufi moja baada ya nyingine.